Vitabu vya theluji ndani ya kasha

Mpendwa Mshauri,

Assalaam alaikum. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mkazi wa Tanga, nimeolewa na nina watoto wawili, binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 6. Jambo ninalokuandikia nimeona haya kumweleza hata dada yangu wa tumbo moja, kwa kuwa najua atacheka kabla sijalimaliza. Nakuomba wewe unisome hadi mwisho.

Kabla sijaolewa nilipata nafasi ya kusoma nchini Norwei, katika mji wa Lillehammer, nikakaa huko miaka minne. Mwaka wa kwanza baridi ilinitesa hata nikawa nalia usiku. Mwaka wa pili wenzangu wa bweni walinivisha viatu maalumu, wakanifunga miguuni zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea, ambazo huitwa skii, wakaniingiza msituni. Nilianguka siku nzima, na wiki nzima baada ya hapo. Kisha ikafika siku ambayo sikuanguka, na tangu siku ile sikuwa mtu yule yule. Wengi hudhani mchezo huu ni kuteremka milima kwa kasi tu, lakini kule nilikokuwa watu hupanda, hukata misitu na kujisukuma kwa mikono na miguu saa baada ya saa, na mtu hasikii kitu ila pumzi zake na mkwaruzo wa mbao juu ya theluji. Mwaka wangu wa mwisho nilishiriki mbio za Birkebeiner, zinazotoka Rena na kuvuka mlima hadi Lillehammer, kilomita 54, na kila mshiriki hubeba mgongoni mzigo usiopungua kilo 3.5. Mzigo huo ni kumbukumbu ya mtoto mdogo, Håkon, ambaye mwaka 1206 alivushwa milima hiyo na watu wa skii ili asiuawe na maadui, akaja kuwa mfalme. Nilifika miongoni mwa wa mwisho kabisa, lakini nilifika.

Nimerudi nyumbani mwaka wa 13 sasa, na sijaigusa theluji tangu hapo. Nilichobaki nacho ni desturi moja. Sisi marafiki sita tuliokuwa tukiteleza pamoja, kila ifikapo Aprili, theluji inapoyeyuka mabondeni na skii zikawekwa darini, hutumiana orodha ya vitabu vya kusoma mpaka Novemba. Kwa njia hiyo nimesoma habari za Fridtjof Nansen, yule msafiri wa Norwei, na wenzake watano waliokivuka kisiwa cha barafu cha Greenland kwa skii mwaka 1888. Nimesoma makala ya Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa hadithi za upelelezi, ya jinsi alivyovuka mlima kwa skii kutoka Davos hadi Arosa, nchini Uswisi, mwaka 1894. Nimesoma kitabu cha Knut Haukelid juu ya Wanorwei walioteleza usiku wa Februari 1943 kwenda kulipua mitambo ya maji mazito, yaani maji yanayotumika katika utafiti wa nyuklia, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani kule Vemork, nchini mwao. Ninavyo pia vitabu vinavyofundisha namna ya kuisoma theluji yenyewe, tabaka kwa tabaka, ili mtu ajue mteremko gani utaporomoka na upi utatulia. Wenzangu husoma hivi ili miezi ya kusubiri iwapitie upesi. Kwangu mimi kusubiri ni mwaka mzima, na kila mwaka.

Mume wangu ni nahodha, ana mashua ya uvuvi inayotoka Sahare. Ni mtu mpole, na sijapata kumsikia akinipandishia sauti. Yeye si msomaji wa vitabu. Vitabu vyangu nimekuwa nikivitia ndani ya kasha la mbao, chini ya vitenge, na kila alipouliza nilimjibu kuwa ni vya kazi. Mwezi wa Mei mwaka huu taarifa ya kifurushi ilimfikia yeye, kwa kuwa tunatumia sanduku moja la posta, akaenda kukichukua. Vilikuwa vitabu vitatu, na pamoja na gharama za kusafirisha vilinitoka shilingi 260,000, na karatasi ya bei ilikuwa imo ndani. Wiki hiyo hiyo mashine ya mashua ilikuwa imekufa, naye alikuwa ametoka kukopa kwa ndugu yake.

Hakugomba. Alikiweka kifurushi mezani, akala, akasali Isha, ndipo akaniambia: “Mama watoto, nikuulize neno. Uliwahi kuniambia kuwa miezi hii kwa watu wa theluji ni msimu uliofungwa. Kwani sisi humu ndani ndio msimu wako uliofungwa?”

Sikuweza kumjibu, na hajauliza tena. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, anasema kitabu cha nchi za watu humwita msomaji wake mpaka aende. Na juzi nilimkuta binti yangu kwenye kilima cha mchanga nyuma ya nyumba, amejifunga makarara mawili ya mnazi miguuni kwa kamba, anateleza. Alikuwa ameshalifungua kasha.

Ni miezi miwili sasa sijafungua ukurasa. Nakuuliza: nilifunge kasha kabisa na vitabu nivipeleke maktaba? Au niendelee kusoma, kwa kuwa simwibii mtu wala simkosei mtu, ni kusoma tu? Na ikiwa ni kuendelea, mtu wa hali yangu asome nini, ili kusoma kumliwaze badala ya kumtonesha?

Msomaji wa theluji,
Tanga.

*

Wa alaikum salaam, mwanangu.

Barua yako imenifikia hapa Bagamoyo na nimekaa nayo siku nyingi kuliko ilivyo kawaida yangu, kwa sababu nilitaka kwanza nionje baadhi ya hayo unayoyasoma, nisije nikakushauri juu ya chakula ambacho sijakitia kinywani. Kwa hiyo nisamehe kwa kuchelewa. Nami sikucheka. Mtu aliyewahi kupenda kitu kilicho mbali na alipozaliwa, na wengi wetu tumewahi, hawezi kucheka barua kama hii.

Kama nimekuelewa vyema, unaniambia hivi: umekaa miaka 13 na hamu ambayo huna mahali pa kuipeleka, umeipatia nyumba ndogo ndani ya vitabu, nyumba hiyo umeifungia ndani ya kasha, na sasa kasha limefunguliwa na watu wawili katika wiki chache, mumeo kwa njia ya posta na binti yako kwa mikono yake mwenyewe. Kila mmoja ameona kitu chake humo. Wewe unauliza habari za vitabu, nami nitakujibu habari za vitabu, lakini niruhusu kwanza nikae kidogo kwenye lile swali la mumeo, kwa kuwa naona ndilo lililokufanya ushike kalamu.

Umelipokea swali lile kama lawama, na huenda lilikuwa lawama. Lakini lisome tena kama ulivyoliandika. Mtu aliyekuwa ametoka kukopa fedha, akakuta karatasi ya shilingi 260,000, hakuuliza habari za fedha. Aliuliza yeye na watoto wako wapi katika kalenda yako. Tena aliuliza kwa maneno yako mwenyewe, ambayo kumbe aliyahifadhi tangu siku ulipomweleza, na mume asiyejali mambo ya mkewe hahifadhi maneno ya namna hiyo. Sina hakika kwamba alikuwa anakutaka uache. Naona inawezekana alikuwa anakuomba umwambie.

Na hapa nakuuliza jambo ambalo pengine hujalitazama. Neno msimu sisi watu wa pwani tulilijua kwa pepo na majahazi. Wewe mwenyewe umeolewa na mtu ambaye maisha yake yote yamepangwa kwa misimu inayofunguka na kufungwa. Kusi inapokaza, kuanzia Juni hadi Agosti, bahari inachafuka, na siku nyingi mashua inabaki ufukweni. Nahodha anashona nyavu, anakalafati mashua, anakaa barazani na wenzake wakisimuliana safari za kaskazi iliyopita, nani alichukuliwa na mkondo, nani alirudi na nini. Hebu zilinganishe kalenda hizo mbili. Theluji yenu inaondoka mabondeni mwezi wa Aprili, kusi nayo inaanza kujitambulisha pwani yetu wakati huo huo. Miezi unayofungua kasha ndiyo miezi anayokaa nyumbani kwa wingi. Yeye amekosa bahari na wewe umekosa theluji, chini ya paa moja, katika majira mamoja, na kila mmoja anajiliwaza peke yake: yeye kwa masimulizi ya baraza, wewe kwa vitabu vilivyo chini ya vitenge. Umeandika kwamba yeye si msomaji, kana kwamba hilo linamtoa katika jambo hili. Mimi nadhani katika Tanga nzima ni vigumu kumpata mtu anayeijua hali yako kuliko yeye.

Nimeisoma safari ya Nansen, na nitakwambia kilichonisimamisha. Umemtaja Nansen na wenzake watano, lakini miongoni mwa hao watano alikuwamo Otto Sverdrup, mtu wa bahari, aliyekuja baadaye kuwa nahodha wa meli mashuhuri, Fram. Walipokuwa juu ya ule uwanda wa barafu, mwezi wa Septemba, wakikokota sleji, yale magari ya theluji yasiyo na magurudumu, zenye mizigo yao, upepo ukageuka ukawa wa nyuma yao. Wakafanya nini? Wakazifunga sleji pamoja, wakatweka tanga lililotengenezwa kwa turubai la sakafu ya hema, wakasafiri kwa upepo juu ya barafu kama wasafirivyo majini, Sverdrup akiongoza mbele. Na waliposhuka upande wa magharibi na kukuta hori refu la bahari mbele yao, wakachukua turubai lile lile na matawi ya miti midogo ya huko wakaunda kidau, Nansen na Sverdrup wakapiga makasia hadi mji wa Godthåb, huko huko Greenland. Huko wakaambiwa meli ya mwisho ya mwaka ule imekwisha ondoka, wakakaa majira yote ya baridi wakisubiri, na katika kusubiri huko Nansen akajifunza kwa wenyeji kuendesha kayaki, kidau chao chembamba, na baadaye akaandika kitabu kizima juu ya maisha yao.

Nilipofika hapo niliwaza: mwanamke huyu ana ukurasa huu ndani ya kasha, na mume wake ni nahodha wa Sahare, na hajamsomea.

Sisemi kwamba kumsomea ndiyo dawa. Kuna hatari yake, na ni haki uijue kabla hujaanza. Unapomsomea mtu kitu unachokipenda, sauti inakusaliti. Mumeo atasikia, pengine kwa mara ya kwanza, ukubwa wa kile alichokuwa akikishuku tu, na wapo wanaume ambao wakiusikia ukubwa huo hujiona wadogo. Anaweza kuona kwamba hana la kukupa linaloweza kusimama mbele ya mlima ule. Anaweza hata kutaka kukupeleka, akaingia deni la pili juu ya la kwanza. Kwa hiyo ukichagua njia hii, nadhani ingefaa uanze kwa lile swali na sio kwa kitabu. Mwambie umelisikia. Mwambie vitabu havikuwa vya kazi. Neno hilo dogo la “vya kazi” umelitaja harakaharaka katika barua yako na ukapita, lakini nadhani limemuuma kuliko zile shilingi, kwa kuwa fedha mtu huweza kuikosea hesabu, ila jibu lile ulilirudia miaka mingi ukijua unachofanya. Na unaposema “ni kusoma tu,” naafiki kwamba kusoma hakukosei mtu. Kuficha ndiko kuliko na maswali yake, na hayo mawili yamekaa ndani ya kasha moja kwa muda mrefu hata wewe mwenyewe huyatenganishi tena.

Tuitazame sasa njia ya kufunga kasha na kuvipeleka vitabu maktaba. Ina heshima yake. Mtoto wa mtu mwingine pale Tanga anaweza kukuta ulimwengu ambao asingeukuta kwingine, na mama mkwe wako atalala vizuri. Lakini nina wasiwasi nayo. Marafiki watano walio mbali wataendelea kutuma orodha kila Aprili, na utakuwa na hiari ya kuwajibu kwa uongo au kunyamaza, na kunyamaza kwa marafiki wa miaka mingi ni msiba unaokaliwa bila matanga. Tena hamu uliyoinyima vitabu haitakuwa imekwenda maktaba pamoja navyo. Itabaki nyumbani, na safari hii haitakuwa na karatasi za kuifunika. Nimewahi kupokea barua za watu walioacha kitu kwa ajili ya ndoa kabla ya kuulizwa kama kweli kinatakiwa kuachwa, na miaka kumi baadaye walikuwa wakidai malipo ya deni ambalo mwenzao hakujua kwamba alilikopa.

Kuna swali jingine, gumu kidogo, nami nakuuliza kwa mapenzi. Unaposoma usiku, ni theluji unayoikosa, au ni yule msichana wa miaka 25 aliyekuwa peke yake msituni, ambaye hakuwa bado mke wa mtu, wala mama wa mtu, wala mkwe anayeishi na mkwewe? Siulizi kwa sababu jibu moja ni jema na jingine ni baya. Naona tu kwamba yakitofautiana, tiba nazo zinatofautiana. Anayeikosa theluji anaweza kusaidiwa na kitabu kizuri, na siku moja, Mungu akijaalia, na tiketi ya ndege. Anayeukosa upweke ule wa pumzi na mkwaruzo anaweza kuhitaji saa moja kwa siku ambayo hakuna anayemwita jina lake, na saa hiyo inaweza kupatikana alfajiri pale ufukweni Raskazone bila kuvuka bahari.

Sasa vitabu vyenyewe, kwa kuwa uliuliza kwa uwazi na unastahili kujibiwa kwa uwazi.

Naona vitabu vya theluji havifanyi kazi moja moyoni mwa msomaji. Vipo vile vya utukufu, vya mtu aliyepanda asikopanda mwingine na kuteremka asikoteremka mwingine. Hivyo huwasha. Kwa mwenzako wa Lillehammer ambaye atavaa skii zake Novemba, kuwashwa ni raha, kwa kuwa moto wake una pa kwenda. Kwako wewe ningevisoma kwa kipimo, kama mtu anavyokula pilipili. Wala si kila kilichoandikwa na wapenzi wa skii ni cha utukufu. Makala ile ya Conan Doyle umeitaja kwa habari ya mlima, lakini kumbuka kilichompeleka Davos. Hakwenda kucheza. Mkewe alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu na walimpeleka kwa ajili ya hewa ya milimani. Mchezo aliupata pembezoni mwa kuuguza, na nikiisoma makala ile nikijua hivyo, kicheko chake kina kitu nyuma yake. Nadhani wewe, uliyebeba nyumba na mama mkwe na hamu kwa pamoja, unaweza kuisoma kwa jicho ambalo wenzako watano hawana.

Vile vitabu vya maporomoko ya theluji vimenishangaza, kwa sababu nilidhani vitakuwa vya kitaalamu tupu, na nimekuta vina hekima ambayo mvuvi angeitambua mara moja. Vinaeleza kwamba maporomoko mengi ya hatari hutokea kwenye miteremko ya nyuzi kati ya 30 na 45, kwamba tabaka dhaifu lililolala chini tangu mwanzo wa majira ndilo linaloachia baadaye chini ya uzito wa theluji mpya, na kwamba katika ajali nyingi za wapenda michezo, aliyeyachochea maporomoko ni mwenyewe aliyefunikwa au mwenzake wa msafara. Aliyefunikwa, baada ya robo saa hivi, nafasi yake ya kutolewa hai hupungua kwa kasi sana. Ndiyo maana watu wa milimani huvisoma vitabu hivyo wakati theluji haipo, akili ikiwa imetulia, kama vile nahodha anavyomfundisha kijana wake kusoma mawingu siku ambayo hawasafiri. Usomaji huu hauwashi hamu kwa namna ile ya kwanza. Unampa msomaji ujuzi, na ujuzi hata usipotumiwa humfanya mtu asijione ametupwa nje ya jambo lake.

Kisha kuna usomaji ambao orodha za marafiki zako hazitakuletea, kwa kuwa wao hawaujui, na huu ndio ninaotamani sana uujaribu. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtu wa lugha yetu, alisafiri na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, na habari za safari yake ziliandikwa kwa Kiswahili. Zimo katika mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Kiswahili chake ni cha zamani na kitamu, na mama mkwe wako, anayeogopa kitabu cha nchi za watu, angeweza kumsikia mtu wa kwao akizieleza nchi hizo kwa maneno ya kwao, na akamsikia pia akirudi. Vilevile kuna habari za mlima wetu wenyewe. Mwaka 1912, mwaka mmoja tu baada ya reli iliyoanzia Tanga kufika Moshi, Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda kilele cha Kibo wakateleza kwa skii juu ya theluji ya Kilimanjaro. Tangu mwaka huo zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya mlima ule imekwisha toweka, na anayeipenda theluji ana sababu ya kusoma juu ya jambo hilo kwa uchungu, tena uchungu wa nyumbani. Unaona ninakokwenda: theluji uliyoiweka upande mmoja na Tanga uliyoiweka upande mwingine zimekwisha kukutana zamani, kabla yako, katika maandishi na katika reli.

Juu ya binti yako sina maneno mengi, ila nakuomba usimwadhibu kwa yale makarara. Hofu yako, nadhani, ni kwamba anaweza kurithi hamu usiyoweza kumlipia, na hofu hiyo ina msingi. Lakini mtoto wa pwani kuipenda theluji si ajabu tena kama ulivyodhani wewe ulipokuwa Lillehammer. Sabrina Simader amezaliwa Kilifi mwaka 1998, mwambao huu huu, akakulia Austria, na mwaka 2018 aliteleza kwa bendera ya Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi kule Pyeongchang. Na barani humu, katika milima ya Lesotho, theluji huanguka na watu huteleza kuanzia Juni hadi Agosti, miezi ile ile ambayo wewe umezoea kuiita iliyofungwa. Habari hizi anaweza kuzisoma bila kuahidiwa kitu. Anachohitaji kujua kutoka kwako, naona, ni kama mama yake ana furaha mahali alipo, kwa sababu mtoto anayefungua kasha la mama yake hutafuta mama kwanza, na theluji baadaye.

Fedha ni jambo jepesi kuliko yote, nalo nitalipita upesi. Kitabu cha Nansen na makala ya Conan Doyle ni vya karne ya kumi na tisa, haki za waandishi wake zimeisha muda, na vinasomwa bure kwenye intaneti. Vipya unaweza kuwaomba rafiki zako wavipitishe mkono kwa mkono, kitabu kimoja kizunguke kwa sita, au kila anayekuja Tanzania akubebee kimoja. Kiasi cha mwaka mkakipange nyinyi wawili, mwezi ambao mashine ya mashua ni nzima. Na vile vitatu vya Mei, ikiwa mumeo ataona heri viuzwe ili deni lipungue, mpe nafasi ya kulisema hilo kabla hujalisema wewe. Anaweza asiseme.

Siwezi kukuamulia, mwanangu, kama kasha libaki wazi au lifungwe. Sijui mumeo atajibu nini, na wewe mwenyewe hujui bado, kwa kuwa hajapata kuulizwa. Ila kama utaamua kuanza mahali fulani, na kama usiku huo kusi inavuma na mashua iko juu ya mchanga, ningeanzia pale kwenye sleji na lile turubai la hema. Mfasirie polepole, usiruke maneno ya upepo. Malelezi, pepo zinapobadilika, yakiingia uniandikie tena, unieleze nahodha amesema nini juu ya namna walivyolitweka tanga lile, kwa sababu mimi nimelisoma mara mbili na bado sijaelewa walilifunga wapi.